Kukua Si Kupona: Gegedu la Goti kati ya Louisville, Columbus na Buffalo

Mwaka 1743 tabibu wa Kiskoti, William Hunter, aliwasomea wanachama wa Royal Society jijini London maelezo yake kuhusu gegedu la viungo. Aliwakumbusha jambo ambalo matabibu walikuwa wamelikubali tangu zama za Hippocrates: gegedu likishaharibika, halirudi. Tangu siku hiyo sayansi imegundua bakteria, imepandikiza mioyo na imesoma jeni za mwanadamu, lakini maneno ya Hunter bado hayajafutwa. Watafiti wa leo wanajaribu kuyafuta, na silaha yao kubwa ni protini ambazo nitaziita vichochea ukuaji. Habari hii inatuhusu wanaklabu kuliko inavyoonekana, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na neno. Wengi wetu tumelikuta gegedu kwenye kamusi tu, lakini kila aliyekula paja la kuku analijua: ni kile kifuniko cheupe, laini, kinachong'aa mwishoni mwa mfupa. Katika goti la mtu mzima unene wake kwa kawaida ni milimita 2 hadi 4. Sehemu kubwa ni maji yaliyoshikwa na nyuzi za kolajeni, na chembe hai zenyewe ni chache mno, hazifiki hata asilimia 5 ya ujazo wake. Tena gegedu halina mishipa ya damu. Ukijikata kidole, damu ndiyo inayoleta mafundi na vifaa vya ukarabati. Gegedu halina barabara ya kuwapitisha mafundi hao. Halina mishipa ya fahamu pia. Maumivu ya goti lililosagika hutoka jirani: kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando unaozunguka kiungo, kwenye kano na misuli. Naomba msomaji alishike hilo, maana huko mbele ndipo mambo yanapokwama.

Nyumbani watu hawasemi gegedu. Tanzania utasikia "magoti yamesagika" au "ute umekwisha." Wengine husema baridi yabisi, jina linalobeba karibu kila maumivu ya viungo. Ute na gegedu, hata hivyo, si kitu kimoja. Ute ni majimaji yanayolainisha kiungo, na goti linalosagika mara nyingi huvimba kwa sababu maji yamezidi, si kwa sababu yamekwisha. Zipo sindano za kuongeza ute, na zipo sindano zinazodaiwa kuotesha gegedu. Mkalimani akizichanganya, mgonjwa anaweza kulipia hii akidhani amepata ile.

Kwa nini Louisville, Columbus na Buffalo? Kwa sababu katika miji hii mitatu Kiswahili ni lugha ya vyumba vya kusubiri daktari. Wabantu wa Somalia walianza kuletwa Marekani kwa wingi miaka ya 2003 na 2004, wengi wakipitia kambi ya Kakuma. Kuanzia 2007 walifuata Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 na kuishi kambini kwa zaidi ya miaka thelathini. Kisha wakaja Wakongo wa Kivu na Katanga. Aliyekimbia Burundi akiwa mtoto wa miaka kumi mwaka 1972 sasa amepita miaka sitini. Wazee hawa walibeba kuni na maji, wakalima kwa jembe la mkono, na walipofika huku wengi wakapata kazi za ghalani, za machinjioni na za usafi, kazi za kusimama na kuinua vitu vizito. Magoti yao yana historia ndefu.

Sasa tuingie kwenye protini zenyewe. Jina lake la Kiingereza likitafsiriwa neno kwa neno huleta "sababu za ukuaji," ambalo halimwambii mtu lolote. Ni ujumbe ambao chembe moja huitumia nyingine: gawanyika, jenga, komaa, nyamaza. Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986 kwa kugundua protini za aina hii. Kwa upande wa mifupa, habari ilianza mapema zaidi. Mwaka 1965 Marshall Urist alionyesha kwamba kipande cha mfupa kilichotolewa madini yake, kikipandikizwa ndani ya msuli wa mnyama, husababisha mfupa mpya kuota pale ambapo hapakuwahi kuwa na mfupa. Ujumbe uliofichika humo uliitwa BMP, na mwaka 1988 jeni zake za kwanza zilitambuliwa, hivyo viwanda vikaweza kuitengeneza protini hiyo.

Hapa ndipo Louisville inapoingia. Kituo cha uti wa mgongo cha Leatherman kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoipima BMP-2 kwa wagonjwa. FDA iliiruhusu mwaka 2002 kwa upasuaji wa kuunganisha pingili za kiuno: sifongo ya kolajeni inaloweshwa protini na kuwekwa katikati ya pingili, na daktari hana haja ya kuchonga mfupa kutoka nyonga ya mgonjwa. Mwaka 2008 madaktari wa Louisville walichapisha jaribio la watu 102 wenye umri wa zaidi ya miaka 60, wakilinganisha protini hiyo na mfupa wa nyonga. Kwa wazee hao protini ilionekana kufaa, tena kwa matatizo machache zaidi. Lakini mwaka huohuo FDA ilitoa onyo kuhusu matumizi yake shingoni, ambako uvimbe ulikuwa umewafanya baadhi ya wagonjwa washindwe kupumua au kumeza. Mwaka 2013 timu mbili huru zilizokabidhiwa data zote na Chuo Kikuu cha Yale zilichapisha uchambuzi wao: kwa jumla protini haikuwa bora sana kuliko mfupa wa nyonga, na baadhi ya madhara yalikuwa hayajaelezwa vya kutosha katika makala za awali. Mfupa uliota, ndiyo. Wakati mwingine uliota hata mahali usipotakiwa.

Nimekaa kwenye mgongo kwa makusudi. Mtu akisikia kwamba protini imeotesha mfupa Louisville, haraka hudhani gegedu litafuata. Mfupa una damu, una barabara, na hujiponya wenyewe ukivunjika. Ujumbe wa BMP unakuta mafundi wako tayari. Gegedu halina mafundi hao. Isitoshe, ujumbe uleule unaweza kuamrisha kitu tofauti kwenye tishu tofauti. TGF-beta ni mfano mzuri. Maabara inapotaka kugeuza chembe changa kuwa chembe za gegedu huwa haikosi kuitumia, lakini ilipodungwa moja kwa moja kwenye magoti ya panya, ilichochea makovu kwenye utando na vijipembe vya mfupa pembeni mwa kiungo. Naye IGF-1, ambaye kazi yake ya kawaida ni kulisha gegedu, hukuta chembe za kiungo kilichozeeka zimekuwa kama mtu asiyesikia tena mlango ukibishwa.

Columbus ilichangia kitu ambacho hakina mvuto wa magazetini, nacho ni kupima. Mwaka 2004 Marekani ilianzisha utafiti mkubwa uitwao Osteoarthritis Initiative. Watu 4,796 wenye umri wa miaka 45 hadi 79 walifuatiliwa kwa miaka mingi, magoti yao yakipigwa picha za eksirei na za MRI. Vituo vilivyowapokea vilikuwa vinne, na kimoja kilikuwa Ohio State University pale Columbus. Hakuna aliyepewa dawa. Walitazamwa tu, mwaka hadi mwaka, ili ijulikane gegedu hupungua kwa kasi gani na kwa nani. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi muhimu kuliko zote nitakazozitaja hapa. Bila kujua gegedu hupotea kwa kiasi gani lisipotibiwa, huwezi kudai kwamba dawa yako imelizuia lisipotee.

Vipimo vya aina hiyo ndivyo vilivyoamua hatima ya kichochea ukuaji kilichofika mbali kuliko vyote kwenye goti. Kinaitwa sprifermin, nacho ni kipande cha protini ya FGF-18 kilichotengenezwa maabara. Jaribio lake, lililopewa jina la FORWARD, lilichapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2019. Watu 549 wenye magoti yaliyosagika waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walidungwa sprifermin ndani ya goti kwa vipimo tofauti, wengine walidungwa maji ya chumvi. Baada ya miaka miwili picha za MRI zilionyesha kwamba gegedu la waliopata kiwango cha juu kila miezi sita lilikuwa limenenepa kwa milimita 0.05, wakati la waliodungwa maji ya chumvi lilikuwa limepungua kwa milimita 0.02. Ukisoma haraka hautaona kitu. Milimita 0.05 ni kama unene wa unywele mwembamba. Lakini kwa tishu ambayo Hunter alisema hairudi, kuona mstari kwenye grafu ukipanda badala ya kushuka lilikuwa jambo la kuwafanya watafiti wasimame.

Kisha wakauliza kuhusu maumivu. Wagonjwa waliopata sprifermin walisema wamepata nafuu kubwa. Waliodungwa maji ya chumvi nao walisema hivyohivyo, na tofauti kati ya makundi haikuwepo. Unene umeongezeka, maumivu yaleyale. Uchambuzi uliofanywa baadaye ulidokeza kwamba watu waliokuwa na gegedu jembamba zaidi na maumivu makali zaidi huenda walinufaika, lakini huko ni kuchagua kundi baada ya matokeo kujulikana, na lazima kurudiwe katika jaribio jipya kabla ya kuaminika.

Msomaji aliyeshika lile la mishipa ya fahamu hatashangaa. Gegedu lenyewe haliumi, kwa hiyo kulinenepesha hakulazimu maumivu yapungue. Na kinyume chake kimeonekana pia. Tanezumab, dawa iliyotengenezwa kuizuia NGF, yaani protini ileile ya Levi-Montalcini, ilipunguza maumivu ya goti, lakini baadhi ya waliotibiwa viungo vyao viliharibika kwa kasi zaidi. Mwaka 2021 washauri wa FDA waliipigia kura ya kuikataa, 19 kwa 1. Basi tuna dawa moja iliyokuza gegedu bila kutuliza, na nyingine iliyotuliza huku kiungo kikibomoka.

Buffalo ina somo la tatu, na limetoka chumba cha upasuaji. Madaktari wa mifupa wa University at Buffalo, wakiongozwa na Leslie Bisson, walijiuliza swali ambalo wenzao wengi walidhani lina jibu tayari. Daktari anaingia ndani ya goti na kamera ndogo ili kurekebisha meniska iliyochanika, zile pedi mbili zenye umbo la mwezi mwandamo. Akiwa ndani anaona gegedu limebanduka vipande vinavyoning'inia. Avikwangue ili palainike, au aviache? Mazoea yalikuwa kukwangua. Katika jaribio lao, lililochapishwa mwaka 2017, wagonjwa 190 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakakwanguliwa na nusu wakaachwa hivyohivyo, bila kuambiwa wako kundi gani. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti ya maana ya maumivu. Halihusu protini yoyote, lakini linapaswa kusomwa sambamba na FORWARD, kwa sababu linauliza kitu kilekile kutoka upande wa pili: gegedu linaloonekana zuri kwenye kamera linamsaidia nani?

Njia ya kupandikiza chembe badala ya kudunga protini nayo ipo. Mwaka 1994 madaktari wa Gothenburg, Uswidi, walieleza wagonjwa 23 ambao chembe zao za gegedu zilichukuliwa, zikakuzwa maabara, kisha zikarudishwa gotini. Toleo la kisasa, MACI, liliruhusiwa na FDA Desemba 2016, lakini ni kwa tundu la gegedu lililotokana na jeraha, si kwa goti lililosagika lote kwa uzee. Wachezaji wa mpira hufaidika nalo kuliko bibi zetu.

Korea Kusini walijaribu kuunganisha njia zote mbili: chembe zilizotiwa jeni ya kuzalisha TGF-beta, zidungwe gotini zikawe kiwanda kidogo. Dawa hiyo, Invossa, iliruhusiwa huko mwaka 2017 na ikauzwa kwa wagonjwa. Mapema 2019 ikagundulika kwamba chembe zilizobeba jeni hiyo hazikuwa za gegedu kama lebo ilivyodai, bali zilitokana na ukoo wa chembe za figo uliozoeleka maabara. Kibali kilifutwa Julai 2019. Marekani ilisimamisha majaribio, kisha ikayaruhusu kuendelea Aprili 2020. Ninaitaja si kwa kuwacheka Wakorea. Watu walikuwa wamedungwa kitu ambacho daktari wao mwenyewe hakukijua jina.

Hilo linatuleta kwenye matangazo. Redioni na kwenye mabango ya barabarani katika miji mingi ya Marekani utaona kliniki zinazoahidi kurudisha goti la ujana kwa PRP au kwa "seli shina." PRP ni plasma ya damu yako mwenyewe iliyokusanywa chembe nyingi za kugandisha damu, na chembe hizo kweli hubeba vichochea ukuaji vya aina nyingi. Kwa hiyo muuzaji anaposema "ina vichochea ukuaji" hasemi uongo. Lakini jaribio la Australia lililochapishwa katika JAMA mwaka 2021, lenye watu 288, lililinganisha PRP na maji ya chumvi. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti ya maana ya maumivu wala ya ujazo wa gegedu. Chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kinashauri kwa nguvu isitumike kwa goti lililosagika. Madaktari wa mifupa ni wapole zaidi, wakisema kwamba huenda ikapunguza maumivu kwa baadhi ya watu, ingawa ushahidi ni mdogo. Mjadala huo ni halali. Kisicho halali ni kumwambia mzee kwamba gegedu litaota. Medicare hailipii PRP ya goti, kwa hiyo mamia ya dola hutoka mfukoni, na katika jamii zetu mfuko huo mara nyingi ni wa familia nzima.

Kuhusu seli shina, Arnold Caplan wa Cleveland, mji ulio kati ya Columbus na Buffalo, ndiye aliyezipa chembe fulani za uboho jina hilo mwaka 1991. Mwaka 2017 mwenyewe aliandika kwamba jina libadilishwe, kwa sababu chembe hizo mwilini hazigeuki kuwa gegedu jipya kama watu wanavyodhani; hutoa ujumbe tu. Kliniki hazikubadilisha mabango.

Je, utafiti umekufa? Hapana, umehamia kwenye swali la usafirishaji. Protini ikidungwa gotini husafishwa upesi, kabla haijapenya. MIT walitumia hila ya umeme: gegedu lina chaji hasi, basi IGF-1 ikafungwa kwenye chembechembe ndogo mno zenye chaji chanya, ikanasa na kuzama. Katika panya, kwa mujibu wa matokeo ya 2018, ilibaki kiungoni kwa siku 30. Mwaka 2024 Northwestern University walieleza kiunzi laini kinachoshikilia TGF-beta mahali pake, na katika magoti ya kondoo tundu lilijazwa na gegedu bora zaidi ndani ya miezi sita. Kondoo ni hatua nzuri, maana goti lake hubeba uzito kama letu. Mwaka 2023 serikali ya Marekani nayo, kupitia ARPA-H, ilitangaza programu ya kutafuta tiba za kurudisha tishu za kiungo kilichosagika.

Na wakati wote wakitazama gegedu, habari kubwa ya goti ya mwaka 2024 ilitoka kwingine kabisa. Jaribio la watu 407 wenye unene uliozidi na magoti yaliyosagika lilionyesha kwamba semaglutide, dawa ya kupunguza uzito, ilishusha maumivu kwa karibu alama 42 katika kipimo cha 100, dhidi ya alama 27 na nusu kwa waliopewa sindano isiyo na dawa. Hakuna aliyeotesha chochote.

Sasa sisi. Sheria ya Marekani inataka hospitali inayopokea fedha za serikali kuu impatie mgonjwa mkalimani bure, na kanuni za utafiti zinataka maelezo ya ridhaa yatolewe kwa lugha anayoielewa mshiriki. Hata hivyo baadhi ya majaribio huweka sharti la kujua Kiingereza, na hapo mama wa Kikongo wa Buffalo huondolewa kabla goti lake halijatazamwa. Akiingia, mkalimani atakutana na sentensi ngumu kuliko zote: gegedu linaweza kuongezeka unene na maumivu yabaki palepale. Ukisema "dawa ya kuotesha gegedu," umeshamwahidi uponaji, kwa kuwa katika Kiswahili kinachoota huwa hai na huzaa. "Kichochea ukuaji" nacho kinaelekea hukohuko. Mwalimu mmoja alinipendekezea "protini ya ujumbe," ambalo halina ahadi ndani yake, ingawa mwanabiolojia atanung'unika kwamba ni pana mno.

Kikao kijacho cha klabu tumekitenga kwa msamiati wa goti. Wenye wazazi au majirani kutoka Kivu, Kigoma, Mombasa au Kakuma, waulizeni kabla ya kuja wanaitaje ile sehemu nyeupe mwishoni mwa mfupa wa kuku, na waandikieni neno hilo kama walivyolitamka.